Mwanangu alizaliwa bila mfupa wa muundi: mguu tuliouzika na yaliyofuata

Wakuu, nawasalimu nyote, wa pwani na wa bara, mlio kazini na mliojinyoosha barazani.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo mkiona maneno yamekaa vibaya mnivumilie. Nitakayosema ni yale niliyoyaona nyumbani kwangu. Siongezi chumvi, na penye jambo nisilolijua nitasema silijui.

Kilichonifanya niandike ni swali la mwenzetu mmoja, juzi juzi tu. Alisema mtoto wake mchanga ana mguu mfupi uliopinda, unyayo umegeukia ndani, na daktari amemwambia kuna mfupa haupo. Akauliza afanye nini.

Majibu aliyopata mliyaona. Mmoja alimwambia amerogwa. Mwingine akampa namba ya mganga. Mwingine akamwambia asikubali kisu hata kwa dawa.

Niliyasoma nikanyamaza. Kisha nikakumbuka kwamba Maimuna asingenyamaza.

Maimuna ni mke wangu. Alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Uzi huu ni wake zaidi kuliko wangu.

Sisi ni watu wa Mji wa Kale, Mombasa. Tunakaa nyumba ya marehemu babangu, chini, kwenye kichochoro chembamba ambacho mtu mzima akinyoosha mikono anagusa ukuta wa huku na wa huko. Kikumbukeni hicho kichochoro. Kazi yangu iko Liwatoni, upande wa barafu za kuhifadhia samaki. Nyumbani tulikuwa mimi, Maimuna na mamangu, Bi Rukiya.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa akalia vizuri, uzito mzuri, nywele tele. Tukamwita Swabra. Nesi alipomfunua kumpangusa, akamwita mwenzake.

Paja la kulia lilikuwa sawa. Goti limekunjika. Chini ya goti mguu ulikuwa mfupi kuliko wa pili, umepinda, na unyayo umegeuka ukaangalia juu, kama mtu aliyekaa akitaka kutazama soli yake.

Nilipoingia, Maimuna alikuwa ameushika ule unyayo kiganjani. Akaniambia, "Ndoo uone. Vidole vyote vipo." Hilo ndilo neno la kwanza alilosema juu ya mguu ule, na wakuu, mimi mwanamume nilitoka nje.

Mamangu alimpokea mjukuu wake, akauchungua mguu, akasema, "Mwana amelala vibaya tumboni, basi. Tutamkanda, utanyooka."

Kwa wasiojua, kwetu mtoto mchanga hukandwa. Mama mzazi akiwa ndani na arubaini yake, huja mkandaji asubuhi na mafuta ya nazi ya uvuguvugu, akamnyoosha mtoto mikono, miguu na mgongo. Mimi nimekandwa, babangu alikandwa. Ni jambo zuri na watoto hulala usingizi mtamu baadaye.

Lakini Swabra hakulala. Mkandaji, Bi Mize, akifika kwenye ule mguu mtoto hulia mpaka akawa mwekundu. Akishamaliza kuukanda huuzungushia vipande vya leso ili ukae sawa, na akivifungua asubuhi ya pili, mguu uko vilevile. Simlaumu. Alifanya alivyofunzwa, na kwa nia safi.

Kliniki ya kwanza nayo ilisema ni ile hali ya nyayo kupinda, inayonyooshwa kwa plasta. Wakamfunga plasta, wakabadilisha, wakafunga tena. Nimeona watoto wengi pale wakinyooka kwa plasta, wallahi, ni kazi ya ajabu. Mguu wa wetu haukusogea.

Na maneno ya mtaani yalianza. Jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, Bi Zena, alikuja kumtazama mtoto, akakaa, akanywa kahawa yetu, kisha akasema, "Maimuna, mwezi uliposhikwa ukaingia giza mwaka jana hukushika kisu wewe? Mja mzito hashiki kisu mwezi ukishikwa."

Maimuna akamjibu kwa upole tu, "Sikushika, Bi Zena. Ningekishika, ningeanza na ulimi wa mtu."

Bi Zena alicheka mpaka kahawa ikammwagika. Tangu siku hiyo hakulisema tena, na yeye ndiye aliyekuwa akitupikia uji mtoto alipolazwa. Watu wa kwetu ndivyo walivyo, maneno yao makali kuliko mioyo yao.

Mwishowe tulipelekwa kwa daktari wa mifupa ya watoto. Mtu wa bara, mtaratibu, sauti ya chini. Hakuanza na mguu. Alianza na vidole vya mikono, akavihesabu na kuvikunja. Akapima nyonga. Akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo. Akauliza kama kwenye ukoo wangu au wa Maimuna yuko mwengine aliyezaliwa na kasoro ya mkono au mguu. Hakuna tunayemjua. Ndipo akatuma eksirei.

Aliiweka kwenye taa akatuonyesha. Chini ya goti mtu ana mifupa miwili, mnene wa mbele na mwembamba wa pembeni. Ule mnene wa mbele ndio muundi, unaougonga kitandani ukapiga kelele. Kwa Swabra ulikuwapo ule mwembamba peke yake. Mahali pa muundi palikuwa peusi tupu.

Jina lake la kitabibu ni tibia hemimelia. Naliandika ili mwenzetu yule alipeleke kwa daktari wake aulize kama ndiyo ya mtoto wake. Dokta alisema ni nadra sana, na mara nyingi sababu haijulikani, ingawa nyengine hutembea kwenye ukoo. Akamgeukia Maimuna akamwambia, "Mama, si kitu ulichokula, si kitu ulichofanya." Maimuna akaitika kwa kichwa. Nje, kwenye benchi, ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu azae.

Tuliporudi kwa mara ya pili alitueleza njia zilizopo. Nitaeleza nilivyoelewa, na mwenye utaalamu anisahihishe.

Kwanza alimtekenya Swabra unyayo. Mtoto alivuta mguu nyuma. Akamtekenya tena, akamsubiri arushe teke mbele. Hakurusha. Hakuweza. Dokta akaniwekea mkono wangu juu ya paja la mtoto akasema, "Hapa ndipo penye msuli wa kunyoosha goti. Unasikia kitu?" Sikusikia kitu.

Akasema kuna watoto wenye hali hii ambao sehemu ya muundi ipo na msuli upo. Hao huweza kutengenezewa, mfupa mwembamba ukaunganishwa, mguu ukanyooshwa na kurefushwa pole pole. Lakini wa Swabra haukuwa hivyo. Angeweza kujaribu, mtoto aende thieta kupasuliwa mara nyingi utoto wake wote, na goti bado likajikunja, na mwisho wake mara nyingi ukawa ule ule.

Tukauliza, upi?

Kuutoa mguu pale pale kwenye goti, akiwa bado mdogo, akavaa mguu bandia akajifunza kutembea nao kama watoto wenzake. Akasema hakuna msumeno. Hakatwi mfupa, viungo vinaachanishwa tu pale vinapokutana. Paja litaendelea kukua, na ncha yake itaweza kubeba uzito.

"Na tukimwacha hivi hivi?" nikauliza.

"Ataishi," akasema. "Atatambaa. Akiwa mkubwa atatumia magongo. Mguu utabaki kuning'inia."

Nilitoka pale nimeamua kwamba hatukati. Maimuna alitoka pale ameamua kwamba tunakata.

Mimi nilikuja kukubali baadaye, sitajifanya kwamba ilikuwa ushujaa. Nilimwona mtoto wa jamaa mmoja kliniki, ana mguu bandia, anawafukuza wenzake wakizunguka benchi mpaka mamake akamshika kwa kola. Nilimtazama yule mtoto nikarudi nyumbani nikamwambia Maimuna, "Haya."

Aliyekataa ni mamangu.

"Hakatwi mtu mguu nyumba hii na mimi ni hai," akasema. "Mkitaka, ningojeni nife."

Mtu wa mbali anaweza kusema, wazazi ni nyinyi, wekeni sahihi mmalize. Kwetu haiwi. Mamangu ndiye aliyemwosha mtoto yule siku yake ya kwanza nyumbani. Kumpeleka thieta bila radhi yake ni kama kumtoa mtoto nyumbani kwa dirisha. Maimuna mwenyewe ndiye aliyesema hatutafanya kwa kumkwepa.

Basi tukawa tunamweleza. Nilimletea eksirei, nikaishika kwenye mwangaza wa mlango. Nikamweleza msuli. Amu yangu, ndugu wa marehemu babangu, akaja akamweleza. Maalim wa msikiti wetu akaja baada ya Alasiri, akamwambia sheria inaruhusu penye haja, hakuna dhambi. Mama husikiliza mpaka mwisho, huwakaribisha tende, kisha husema, "Nimesikia. Hakatwi."

Siku zikaenda hivyo. Swabra akaanza kukaa, kisha akaanza kwenda. Lakini alikwenda kwa makalio. Mikono miwili chini, mguu mzima unavuta, na ule mwengine unafuata. Alikuwa mwepesi ajabu. Maimuna alimshonea suruali na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli nyuma, kwa sababu kitambaa kilikuwa kinaisha kabla ya wiki.

Watoto wa kichochoroni wakikimbia, yeye huwafuata. Wakikata kona, hubaki peke yake katikati ya njia. Siku moja pikipiki ikaingia kwa kasi. Mwendeshaji alitazama usawa wa watu, hakutazama chini. Alimwona akiwa ameshamfikia, akagonga ukuta wa Bi Zena ili asimpande. Yeye alichubuka bega, mtoto hakuguswa. Swabra alifikiri ni mchezo, akapiga makofi.

Mama aliona yote, alikuwa amekaa barazani.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikawakuta yeye na Maimuna wamekaa ukumbini wanachagua mchele, sinia moja katikati. Nilikuwa mlangoni navua viatu, nikamsikia Maimuna akiuliza, bila kuinua macho kwenye sinia:

"Mama, hasa waogopa nini?"

Mama akaendelea kuchagua.

"Nimezika wana wawili mimi," akasema. "Na mume. Wote najua walipo. Nikiomba dua najua naielekeza wapi. Huo mguu je? Watautia motoni na pamba za madonda. Watautupa. Siku tutakapoinuliwa, mwana ataniuliza, Nana, mguu wangu u wapi? Nimwambie nini? Nimwambie ulitupwa?"

Wakuu, nilibaki na kiatu kimoja mkononi.

Muda wote ule tulikuwa tunamletea mifupa na misuli. Mifupa na misuli alishaielewa zamani, hata kabla yangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Maimuna akatoa kijiwe kwenye mchele akakiweka kando. "Na tukiuzika, Mama?"

Mama akaacha kuchagua. "Nani atautoa? Hao wa hospitali watakubali?"

"Tutawauliza."

"Waulizeni. Mkipewa, mimi nimeridhika. Msipopewa, msinisemeshe tena."

Dokta tulipomuuliza hakushangaa hata kidogo. "Ni wenu," akasema. "Lakini semeni mapema, kabla hajaingia thieta. Msiposema, utakwenda kuchomwa pamoja na vingine." Nimeandika hili kwa makusudi. Mamangu hakuwa anaogopa kitu cha kubuni. Ndivyo ambavyo ingekuwa.

Maalim naye tukamuuliza tufanyeje. Akasema, kipande cha nguo safi, na udongo. "Hakuna kuusalia. Sala ni ya maiti, na mwenye mguu yu hai. Mwacheni acheze."

Hapa kuna kitu lazima nieleze. Wazee wengi wa kwetu huweka sanda zao tayari wangali wazima. Mama alikuwa na yake, aliletewa kutoka Makka, imekunjwa sandukuni inanukia udi. Siku ile alifungua sanduku, akaitoa, akachukua mkasi.

Maimuna akamwambia, "Mama, nguo nyeupe zimejaa madukani, usikate yako."

"Ya dukani hainijui," Mama akasema. "Na mimi nimeshafupika, iliyobaki itanitosha."

Akakata kipande kama cha kumfunika mtoto mchanga, akakikunja, akampa Maimuna.

Jioni ya kuamkia oparesheni Maimuna alimtia Swabra hina. Miguu yote miwili, kama siku ya Idi. Alimkata kucha kwanza. Nesi asubuhi alinung'unika, akasema hina inamsumbua kutazama rangi ya vidole, kisha akauona ule mguu uliopinda nao umepambwa, akaendelea na kazi yake.

Nilikuwa nimekuja na sanduku dogo la barafu kutoka kazini, na barafu ndani. Sikujua wataniletea mguu saa ngapi. Nesi aliliona akasema, "Baba, makaburi si hapo tu? Kwani unakwenda nao Lamu?" Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile.

Walinipa umefungwa kitambaa cha kijani. Nitasema ukweli: niliufunua. Nilitaka kujua kwamba ni wenyewe. Hina ilikuwa imeshika vizuri, nyekundu. Nikauzungushia ile nguo ya Mama, nikautia sandukuni, nikatoka kutafuta tuktuk.

Dereva alikuwa mtu mzima, wa bara. Alilitazama lile sanduku. "Hapo kuna nguru au changu, mzee?"

"Si samaki," nikamwambia. "Ni mguu wa mwanangu. Nakwenda kuuzika."

Akazima redio. Alikwenda pole pole, matuta yote aliyapanda kama amebeba mayai. Makaburini amu yangu alikuwa ameshachimba, kando ya kaburi la babangu. Tukauweka, tukafukia, nikasimamisha kijiwe cha matumbawe. Nilipogeuka, yule dereva alikuwa amesimama kwenye njia, kofia mkononi.

Akanirudisha hospitali. Aliuliza swali moja tu. "Atatembea?"

"Ndivyo tunavyoomba."

Swabra alipoamka na kupata nguvu alipapasa chini ya shuka. Alikuwa ameshaanza maneno wakati huo. "Wapi mguu?"

Maimuna akamwambia, "Umetangulia kwa Babu."

Akaridhika. Tangu hapo mtu akimuuliza mguu wako uko wapi, yeye husema, uko kwa Babu. Wageni huduwaa.

Kuhusu mguu bandia nisiwadanganye, si kwamba unavaa na kukimbia. Kwanza ni kufunga bendeji kwa wiki nyingi ili paja likae umbo. Mguu wa kwanza aliukataa kabisa. Aliutupa nje ya mlango, Bi Zena akaurudisha, akautupa tena. Joto letu mnalijua: jasho hujaa ndani, ngozi huchubuka. Lazima uoshe kila siku, ukaushe, utazame kila pembe, na ukiona wekundu usiokwisha, mguu hauvaliwi mpaka ngozi ipone. Halafu mtoto anakua, na mguu haukui naye. Kila baada ya muda unarudi kupimwa mwengine. Hiyo ni safari ya maisha, na asiyekwambia hivyo hajakwambia yote.

Lakini kichochoro chetu ndicho kilichomfunza. Aligundua mwenyewe. Alisimama katikati, mkono mmoja ukuta huu, mkono mwengine ukuta ule, akaenda. Kuta zile zilijengwa na watu wasiomjua, zikamtosha kama zilipimwa kwa ajili yake. Kwanza mikono miwili. Baadaye mmoja. Siku alipoachia yote alikuwa amebeba andazi, hakutaka lishike chokaa ya ukuta.

Mama alikuwa barazani. Akasema, "Haya, njia hiyo," basi. Akaingia ndani.

Watoto walimtania, ndio watoto. "Swabra mguu wa mbao!" Yeye huwajibu, "Mie nikikanyaga mwiba silii. Wewe je?" Jibu hilo amelirithi, si kwangu.

Maimuna alianza na homa na kuvimba miguu, ikawa figo. Haikuchukua muda mrefu. Sitaandika zaidi, mnisamehe.

Siku ile wanawake walipokuja kumwosha, mmoja alitoka kuuliza sanda. Nilikuwa nimeshainuka nende dukani. Mama akaniambia kaa. Akafungua sanduku lake, akaitoa ile, na pembe yake iliyokatwa.

"Nguo imempata mwenyewe," akasema.

Maimuna alikuwa mrefu kuliko Mama. Ilimtosha.

Tulimzika karibu na babangu, upande wa pili wa kile kijiwe. Hapakupangwa. Ndipo palipokuwa na nafasi.

Swabra sasa yuko gredi ya pili. Baada ya msiba hakulia sana mbele za watu, lakini alikuwa anauliza swali moja, kila siku kwa namna nyengine: Mama yuko na nani? Nikimwambia yuko kwa Mungu, huitika, kesho huuliza tena. Usiku alikuwa hataki taa izimwe. Si kwa ajili yake, ati. Kwa ajili ya mamake, kule kuna giza.

Ijumaa moja asubuhi nikaamua kumpeleka. Makaburini mchanga ni laini na ardhi ina mashimo, nikampa mkono. Akaukataa. Alikwenda mwenyewe, akizungusha ule mguu kila hatua, mpaka tukafika.

Nikamwonyesha. "Huyu Babu. Huyu Mama. Na hapa kati, penye kijiwe, ni mguu wako."

Alipatazama kwa muda. "Nana asema nguo ni moja."

"Ni moja."

"Ya Mama na ya mguu wangu?"

"Ndiyo. Ilikatwa hiyo hiyo."

Akachuchumaa kwa shida kidogo, mguu bandia ameunyoosha pembeni, akakisogeza kile kijiwe kikakaa sawa. Halafu akaongea, si na mimi.

"Mama, uweke. Nitakuja kuuchukua."

Akasimama, akapangusa mchanga, akaniuliza kama tutapitia mahamri. Siku ile taa ilizimwa.

Sasa, wewe mwenzetu uliyeuliza. Mimi si daktari na sikwambii ukate. Mtoto wako huenda ana sehemu ya mfupa, huenda msuli upo, na njia yake ikawa nyengine. Muone daktari wa mifupa ya watoto mapema, kabla hajafika umri wa kusimama, na umuulize hasa kuhusu goti: lina nguvu ya kujinyoosha au halina. Kwetu jibu la swali hilo ndilo lililoamua yote. Atazame pia nyonga na mikono. Kukanda mwili ni sawa, ule mguu uwacheni. Na mkifika kwenye kuutoa, na nyinyi ni watu wa kuzika, semeni kabla ya siku.

Na kama kuna mtu nyumbani amekataa, usimwongezee maelezo. Kaa naye kwenye sinia ya mchele umuulize anaogopa nini. Sisi tulichelewa kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na jibu.

Walio na watoto wa hali hii, au waliozaliwa nayo wenyewe, karibuni mseme yenu hapa chini ili mwenzetu ayasome. Walio na neno gumu nao waseme, nitalipokea. Mkiona nimechelewa kujibu asubuhi, msidhani nimekasirika. Asubuhi kuna mtu namkaushia mguu, anauvaa, na hapendi kuchelewa shule.